Joto Ndani ya Gunia, Joto Ndani ya Mboji

Kila mwaka baada ya mavuno, wakulima wengi hutia mkono ndani ya gunia la mahindi wakakuta katikati pana joto. Wengine husema hilo ni jua la mchana lililobaki. Wengine husema ni kwa sababu magunia yamebanana. Wengine hawasemi neno. Hufunga gunia na kwenda zao. Lakini mkulima yule yule akichomeka fimbo katika biwi lake la mboji, akaitoa ikiwa ya moto, hufurahi na kusema mbolea yake inaiva.

Je, joto la gunia na joto la mboji ni joto la namna moja au namna mbili? Likiwa moja, kwa nini huku ni hasara na huku ni faida? Sura hii itakueleza joto hilo linatoka wapi, nani analilipa, na wewe ufanye nini ulionapo. Isome polepole, kisha uwasomee na wa nyumbani mwako, kwa maana anayeanika mahindi na anayeyapika nao wanahusika.

PUNJE NI AKIBA YA JUA

Jani la mhindi hufanya kazi mchana kutwa. Kwa mizizi yake mmea huvuta maji. Kwa matundu madogo sana ya majani huvuta hewa ya ukaa iliyomo angani. Kwa rangi yake ya kijani hunasa nuru ya jua. Ndani ya jani, maji na hewa ya ukaa hubadilika kuwa sukari, na hewa ya oksijeni hutoka nje. Badiliko hili halifanyiki bila nguvu ya jua, ndiyo maana gizani jani haliwezi kutengeneza sukari.

Nguvu hiyo ya jua haikupotea. Imefungwa ndani ya sukari, kama fedha iliyofungwa ndani ya sanduku. Baadaye sukari hugeuzwa kuwa wanga, na wanga huwekwa akiba ndani ya punje. Mmea haukukuwekea wewe akiba hiyo. Umeuwekea mche mdogo uliolala katika kiini cha punje, upate chakula mpaka utoe majani yake wenyewe. Wewe mkulima huichukua akiba hiyo ukaila, nguvu ya jua ikaingia mikononi mwako, ukarudi kulima.

Usidhani akiba hiyo ni ndogo. Kilo 1 ya wanga ina nguvu ya kutosha kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji baridi, kama joto lake lote lingeingia katika maji bila kupotea. Basi fikiri ni nguvu kiasi gani imelala ndani ya gunia moja la kilo 100. Kazi yako kama mwenye ghala ni kulinda nguvu hiyo isitoke kabla ya siku ya kuliwa.

KUUNGUA BILA MOTO

Tazama kuni zinapoungua jikoni. Oksijeni ya hewani huungana na vitu vilivyomo ndani ya kuni. Hutoka hewa ya ukaa, hutoka mvuke wa maji, na hutoka joto. Hili ni badiliko la kikemia, yaani vitu vya kwanza vimekwisha na vitu vipya vimepatikana. Huwezi kuchukua majivu na moshi ukapata kuni tena.

Punje ya mahindi, ijapokuwa imevunwa na kupukuchuliwa, ingali hai. Kwa kuwa ni hai, hupumua. Huvuta oksijeni, hula wanga wake yenyewe kidogo kidogo, kisha hutoa hewa ya ukaa, maji na joto. Ukilinganisha, utaona ni mambo yale yale ya kuni. Tofauti ni kwamba kuni huungua upesi kwa mwali, na punje huungua polepole bila mwali wala moshi.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1783, huko Ufaransa, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walieleza jinsi walivyomweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Joto la mwili wa mnyama liliyeyusha barafu, nao wakapima maji yaliyotoka. Wakapima pia hewa ya ukaa aliyoitoa mnyama, na wakalinganisha na makaa yanayoungua. Wakaona hesabu zinakaribiana, wakasema kupumua ni kuungua kwa polepole. Hivyo wewe mwenyewe, ng'ombe wako, punje zako na vijidudu vya udongoni, wote mna jiko dogo ndani yenu, na kuni zake ni chakula.

NJIA NYINGI, HESABU MOJA

Mwaka 1840, mtaalamu wa kemia aliyeitwa Germain Hess, aliyefanya kazi katika mji wa St. Petersburg nchini Urusi, alitangaza kanuni moja yenye manufaa hata kwa mkulima. Alisema kwamba kitu kikibadilika kuwa kitu kingine, joto lote linalotoka au kuingia ni kiasi kile kile, hata kama badiliko limepita njia fupi au njia ndefu, mradi mwanzo ni mmoja na mwisho ni mmoja.

Tulete kanuni hiyo ghalani. Kilo 1 ya wanga ikichomwa motoni ikaisha kabisa, hutoa joto la kiasi fulani. Kilo hiyo ikiliwa na fukusi, ikiliwa na kuvu, au ikipumuliwa na punje zenyewe kwa miezi mingi, mpaka yote imekuwa hewa ya ukaa na maji, joto lililotoka kwa jumla ni lile lile.

Basi shika neno hili moja: joto la mazao haliji bure. Popote uonapo joto ndani ya mazao ambayo jua au jiko havikuyapasha, ujue kuna chakula kinachoungua. Lililobaki ni kuuliza kama chakula hicho kilistahili kuungua au hakikustahili.

MABADILIKO YANAYOTOA JOTO NA YANAYOVUTA JOTO

Huenda ukauliza kwa nini badiliko moja hutoa joto na jingine halitoi. Kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo mno zilizoshikana. Kuzitenganisha chembe hizo kunataka nguvu, kama vile kung'oa kisiki kunavyotaka nguvu. Zinapokuja kushikana upya kwa namna nyingine, hutoa nguvu. Ikiwa nguvu iliyotolewa ni kubwa kuliko iliyotumika, salio hutoka nje nasi tunaliona kama joto. Ikiwa ni ndogo, upungufu huvutwa kutoka vitu vya jirani, navyo hupoa.

Unaweza kuyaona mambo haya kwa vitu vya kawaida.

Tia konzi ya mbolea ya urea katika kikombe cha maji, ukoroge, kisha shika kikombe. Utaona kimepoa. Chembe za urea zinapoachana na kuenea katika maji huvuta joto kutoka maji yenyewe. Mbolea haina kasoro. Hivyo ndivyo ilivyo tabia yake.

Sasa tazama chokaa. Katika pwani yetu, tangu zamani watu huchoma mawe ya matumbawe juu ya magogo ili kupata chokaa ya kujengea. Jiwe la chokaa huvuta joto kali sana, kiasi cha nyuzi 900 za Sentigredi, ndipo hewa ya ukaa iliyomo hutoka. Kilo 100 za jiwe safi hubakiza kilo 56 tu za chokaa mbichi. Chokaa hiyo ikikutana na maji hutoa joto jingi. Kilo 1 huweza kuchemsha lita 3 za maji kama joto lote lingekaa ndani. Sehemu ya joto la magogo ilikuwa imewekwa ndani ya chokaa, nayo maji yameitoa.

Kwa sababu hiyo, jihadhari. Chokaa mbichi isiwekwe penye kunyeshewa, wala karibu na nyasi kavu. Ukiizima, tia chokaa kidogo kidogo ndani ya maji mengi, usimwage maji juu ya lundo la chokaa, na usitumie chombo chenye mfuniko. Kinga macho yako, na watoto wakae mbali. Chokaa ya shambani itumikayo kupunguza uchachu wa udongo kwa kawaida ni jiwe lililosagwa tu bila kuchomwa, nayo haipati moto ikiloa. Usizichanganye hizo mbili.

JOTO LA GHALANI NI HASARA

Sasa turudi kwenye gunia. Mahindi makavu sawasawa, yenye maji yasiyozidi sehemu 13 katika kila 100, hupumua kidogo mno hata huwezi kutambua. Yamelala. Lakini mahindi yaliyowekwa na unyevu huamka. Hupumua kwa nguvu, na kuvu huamka pamoja nayo.

Hapo huanza mzunguko mbaya. Kila kilo 1 ya wanga inayopumuliwa hutoa joto, na pia hutoa zaidi ya nusu lita ya maji. Maji hayo hulowesha punje za jirani. Punje zilizoloa hupumua zaidi. Joto likizidi, kazi ya punje na kuvu huenda mbio zaidi, na joto jipya huongezeka juu ya la zamani. Punje ni kama blanketi. Hazipitishi joto upesi, kwa hiyo joto la katikati ya gunia halipati njia ya kutoka. Kuvu wa ghalani huweza kupandisha joto mpaka kupita nyuzi 50.

Tena, usipime hasara kwa joto unaloliona mkononi. Kilo 1 ya wanga ikiungua ndani ya gunia la kilo 100, joto lake, kama lisingetoroka, lingepandisha gunia zima kwa zaidi ya nyuzi 60. Lakini joto hutoroka usiku na mchana kupitia pande za gunia. Uvuguvugu unaoushika ni masalio tu ya joto lililokwisha toka. Kwa hiyo uvuguvugu mdogo wa siku nyingi waweza kuwa na maana ya kilo kadhaa zilizokwisha liwa.

Mbegu nayo huharibika. Joto huua kiini, na punje zilizopata moto ghalani haziwezi kuota vizuri. Usichague mbegu katika gunia lililopata joto.

Walakini hasara kubwa kuliko zote si uzito wala mbegu. Baadhi ya kuvu wanaokula mahindi na karanga huacha sumu iitwayo sumukuvu, ambayo huharibu ini la mtu. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yaliyopata sumu hiyo. Mahindi yaliyowekwa majumbani yakiwa na unyevu yalikuwa sababu kubwa. Mwaka 2016 ugonjwa huo uliua watu Tanzania pia, katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Moto wa jikoni hauwezi kuiondoa sumu hiyo. Kupika ugali, kuchemsha kande, au kutengeneza pombe hakuifanyi iishe. Ukimpa ng'ombe wa maziwa mahindi hayo, sehemu ya sumu hutokea katika maziwa wanayokunywa watoto. Kwa hiyo maneno ya kwamba mahindi mabovu ni ya kuku na ng'ombe si maneno mema.

JINSI YA KUZUIA JOTO GHALANI

1. Vuna mahindi yakiisha kukauka shambani, wala usiyaache mpaka mvua nyingine iyakute. Usiyaweke moja kwa moja chini kwenye udongo.

2. Anika juu ya turubai, jamvi au kichanja. Tandaza tabaka jembamba lisilozidi sentimita 5, na ugeuze mara nyingi kwa siku. Usikasirike kwamba kukausha huchukua siku nyingi. Kugeuza lita 1 ya maji kuwa mvuke kunataka joto karibu mara 7 ya lile la kuyafikisha maji hayo kwenye kuchemka. Kilo 100 za mahindi zenye maji sehemu 20 katika 100 hazina budi kutoa lita 8 za maji ndipo zifike sehemu 13. Kazi yote hiyo hufanywa na jua na upepo, nawe hulipi hata senti.

3. Usihuzunike kuona mizani imepungua. Kilo 100 zimekuwa 92, lakini kilichoondoka ni maji. Akiuza mahindi mabichi ili apate uzito, mkulima huuza maji siku moja na kupoteza jina lake siku nyingi.

4. Jaribu ukavu kwa chumvi. Chukua chupa safi kavu ya kioo, tia punje mpaka theluthi ya chupa, kisha tia vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri. Funga, tikisa kwa dakika chache, halafu acha itulie robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi hayajakauka. Isipogandamana, maji yamepungua chini ya sehemu 15 katika 100. Hapo usikimbilie kufunga. Anika tena siku moja au mbili za jua kali ili uyakaribishe kwenye 13.

5. Usitie mahindi katika gunia yakiwa na joto la jua. Yaache kivulini yapoe kwanza. Yakifungwa ya moto, mvuke wake hugeuka maji usiku wakati pande za gunia au bati la kihenge zinapopoa, na hapo ndipo kuvu huanzia.

6. Panga magunia juu ya magogo au mbao, mbali na ukuta, ili hewa ipite chini na pembeni.

7. Ukitumia mifuko isiyopitisha hewa, hakikisha mahindi yamekauka kabisa. Mifuko hiyo hufanya kazi kwa kanuni ile ile tuliyoieleza. Oksijeni iliyomo ndani hutumika ikaisha, na bila oksijeni fukusi na dumuzi hufa. Mahindi yenye unyevu yakifungiwa humo huchachuka na kuoza. Tena ukifungua mfuko kila siku kuchota kidogo, unawapelekea wadudu hewa.

8. Chunguza kila juma. Ukikuta joto, fungua gunia siku ile ile. Yamwage, uyatandaze, utafute sababu. Si lazima iwe unyevu. Wadudu wengi nao hupumua na huweza kupasha joto hata mahindi makavu. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au kusinyaa, zitenge na uzifukie mbali na mifugo. Usizichanganye na nzima. Lakini ujue kwamba sumu haionekani kwa macho, na kuchambua hupunguza hatari tu, hakuimalizi. Ikiwa ukungu umeenea katika gunia zima, gunia hilo si chakula tena. Ni uchungu kufukia jasho lako, lakini kuzika mtoto ni uchungu zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

JOTO LA MBOJI NI FAIDA

Mabua, magugu, maganda ya maharagwe na samadi navyo vina nguvu ya jua ndani yake, lakini mtu hawezi kuila. Vijidudu vidogo visivyoonekana huweza kuila. Katika biwi la mboji tunavikaribisha kwenye karamu ambayo ghalani tulivizuia. Kwa hiyo tunafanya kinyume cha mambo ya ghalani: ghalani tuliondoa maji, hapa tunatia maji, ghalani tulikataa joto, hapa tunalitunza.

Joto hilo lina kazi. Biwi lililojengwa vizuri hufika nyuzi 55 mpaka 65 katika siku chache. Likikaa hivyo kwa siku kadhaa, mbegu nyingi za magugu hufa, na vijidudu vingi vya maradhi hufa. Likipita nyuzi 70, hata vijidudu vyema hufa, na kazi husimama. Hapo lipindue na ulinyunyizie maji.

Jenga biwi lako hivi:

1. Chagua mahali penye kivuli, pasipotuama maji. Upana na urefu wa biwi usipungue mita 1, na kimo kiwe mita 1 mpaka 1 na nusu. Biwi dogo halipati moto, kwa kuwa joto lote hutokea pembeni. Ni sababu ile ile inayofanya rundo la mahindi mabichi lipate moto na punje chache kwenye sahani zisipate.

2. Katakata mabua. Tandaza tabaka la mabua makavu la sentimita 20, juu yake majani mabichi, kisha samadi kidogo na udongo wa juu konzi chache. Endelea hivyo mpaka kimo kitoshe. Vitu vikavu ndizo kuni za vijidudu. Vitu vibichi na samadi huvipa naitrojeni ya kujengea miili yao. Vikavu vitupu havipati moto, na vibichi vitupu hunuka.

3. Nyunyizia maji kila tabaka. Ukikamua konzi ya mboji, kiganja kiloe, lakini maji yasichuruzike.

4. Funika kwa nyasi au majani ya migomba, ili jua lisikaushe na mvua isiloweshe kupita kiasi.

5. Baada ya majuma mawili au matatu lipindue, vya pembeni uvitie katikati ili navyo vipate moto. Joto litashuka, kisha litapanda tena, kwa kuwa umetia hewa mpya. Rudia hivyo.

Biwi likikaa baridi siku za mwanzo, tafuta upungufu. Likiwa kavu, halina maji. Likiwa limeloa chapachapa na linanuka, halina hewa. Bila oksijeni kuna vijidudu vya namna nyingine vinavyofanya kazi, lakini hutoa joto kidogo sana. Je, ile kanuni ya Hess imevunjika? Haikuvunjika. Safari haijafika mwisho wake. Nguvu nyingi ingali imefungwa ndani ya gesi iitwayo metheni. Ukiikusanya gesi hiyo katika mtambo wa gesi ya samadi na kuiwasha jikoni, joto lile lililokosekana hutoka katika mwali wake na kukupikia chakula. Katika biwi lisilo na hewa gesi hiyo hupotea bure angani.

Usitie mboji wala samadi ikiwa ingali na moto katika mashimo ya kupandia. Kuungua hakujaisha, na joto lake pamoja na hewa kali ya amonia huweza kuchoma mizizi ya miche. Mboji imeiva ikiwa nyeusi, inanukia kama udongo wa msituni, na hata ukiipindua haipati joto tena. Maana ya baridi hiyo ni kwamba chakula chepesi cha vijidudu kimekwisha, na kilichobaki ni cha shamba lako.

FIMBO MOJA, MAANA MBILI

Tengeneza fimbo mbili zilizonyooka, moja ya ghalani na moja ya mboji, usizibadilishe. Chomeka fimbo katikati ya rundo au gunia, iache dakika 15, itoe, uishike mara moja kwa kiganja. Linganisha na kipande kilichobaki nje.

Fimbo ya ghalani ikitoka baridi, akiba yako imelala. Ukifunge na kukiweka mahali pake. Ikitoka na joto, chakula cha watoto wako kinaungua. Usingoje kesho.

Fimbo ya mboji ikitoka ya moto na yenye unyevu, kazi inaendelea. Ikitoka ya moto lakini kavu, tia maji. Ikitoka baridi na mabua bado ni mazima, tafuta maji, hewa au samadi iliyopungua. Ikitoka baridi na mboji imekuwa nyeusi, tayarisha toroli uipeleke shambani.

Waonyeshe watoto wako jambo hili, wajifunze kutia fimbo na kusoma joto. Kama una shaka juu ya ukavu wa mahindi yako, au umekuta ukungu nawe hujui la kufanya, mwite Bwana Shamba au Bibi Shamba wa eneo lako kabla hamjayala wala kuyauza. Mtu yeyote aliyekula mahindi ya mashaka, kisha akapata manjano machoni, kutapika au tumbo kuvimba, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mahindi hayo yasiliwe tena na mtu yeyote nyumbani.